Mtani wa Bati

Siku ya gulio, Mtani wa Bati alimkuta diwani wa Soko Kuu akichagua mihogo, akamwanza bila hata salamu.

"Jamani, mpisheni diwani! Mpisheni mwenye choo cha kisomi! Saruji ya darasa la tatu imelala kwake, imejenga choo. Yeye akichutama, watoto wetu wanafunga shule!"

Soko zima likaangua kicheko. Diwani alibaki ameshika muhogo mkononi, macho yanamtoka, kisha akacheka naye. Hakuwa na ujanja. Mtani hamwachi anayetaniwa mpaka acheke mwenyewe. Masikio ya Mtani yalijua sauti ya kila kiongozi aliyeapishwa katika Jimbo la Isanga, na mhusika asipocheka, Mtani husubiri kidogo, hujikohoza, kisha hurudia maneno yaleyale tangu mwanzo. Kuna bwana mmoja wa ardhi aliyewahi kununa. Alinuna tangu asubuhi hadi wauza samaki wakafunga meza zao, na alipocheka mwishowe, machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Nimekusikia, mtani," diwani alisema. "Saruji itarudi."

"Na choo?"

"Na choo nitakibomoa."

"Usibomoe, lete madawati humo humo!" Watu wakacheka tena, na Mtani akageukia wauza nyanya.

Kalunde alikuwa nyuma ya sanamu ile, bisibisi mdomoni, akibadilisha betri. Yeye ndiye aliyemfundisha Mtani kusema. Mwili wa bati wenye tumbo la pipa waliutengeneza mafundi wa gereji, lakini ulimi ulikuwa wa Kalunde, mwanamke wa Kinyamwezi aliyekulia katika misiba ya watu, nyuma ya bibi yake aliyekuwa mtani wa kuogopwa. Bibi huyo aliweza kuingia kwenye msiba wa Wazaramo, watani wake wa tangu enzi za misafara, akamsema marehemu na warithi wake mpaka wafiwa wakashika mbavu. Hakuna aliyemgusa, kwa sababu mtani hakasirikiwi. Hilo lilikuwapo kabla ya serikali zote.

Sehemu nyingine ya kazi ilifanywa na vumbi. Kila kitu kilichonunuliwa kwa fedha za umma, kuanzia saruji mpaka vidonge, kilitiwa punje ndogo kuliko chembe ya sembe. Punje hizo zikipigiwa wimbi la redio hujibu: nipo hapa. Vumbi halina adabu wala halina chama. Saruji ikihama kutoka shuleni kwenda uani kwa mtu, vumbi linasema limehamia uani kwa mtu. Mtani kazi yake ni kulisikia na kulitia utamu.

Wazo hilo lilikuwa la Pazi Mwinshehe. Alilitoa zamani, wakati yeye na Kalunde ni walimu wa chuo wasio na mishahara ya kueleweka, na serikali ya wakati huo imekula jimbo mpaka imeanza kulamba sahani. Pazi alipogombea ugavana hakuahidi barabara wala visima. Alipanda jukwaani na Mtani mmoja wa majaribio, akamwacha amseme yeye mwenyewe mbele ya umma: viatu vyake vya mtumba, deni lake la kilabuni, kuimba kwake vibaya. Akacheka kuliko wote. Watu wa Isanga hawakuwa wamewahi kumwona mkubwa anayesemwa akacheka, wakampa kura mpaka masanduku yakakataa kufunga. Sheria yake ya kwanza ilikuwa na maneno mawili tu ambayo kila mtoto aliyajua: Mtani hashitakiwi.

Ndiyo maana Kalunde alipomsikia Mtani akijikohoza upya, hakushtuka.

"Na wewe Gavana Pazi, Mzaramo wangu, popote ulipo! Mashine za kusafisha damu ulizotununulia nimezisikia zikiingia mjini. Hospitali ya Jimbo sizisikii. Mashine zimepotea njia, au zimesikia ngoma zikaifuata? Nasikiliza bado. Gulio lijalo nitawatajia mlango."

Kicheko kilikuja, ila kilikuja kwa kuchechemea. Mama mmoja muuza dagaa alitua kopo lake la kupimia.

"Ala! Hata huyu?" akauliza.

*

Jioni ileile Pazi alikuja karakanani kwa Kalunde, peke yake, bila king'ora. Alisimama mlangoni akiwa ameshika mfuko wa karanga.

"Hodi humu kwa wapagazi! Mmeshatua mizigo, au mmesahau kuwa safari iliisha?"

"Karibu, Mzaramo. Umekujaje, na sijasikia ngoma? Au leo umetembea bila kucheza?"

Wakacheka, wakala karanga. Kalunde alimpenda mtu huyu kama ndugu, na zaidi ya ndugu, kwa sababu ndugu unaweza kugombana naye. Walikuwa wametukanana kwa mapenzi miaka yote ya ujana wao, na hakuna tusi lililowahi kulala ndani ya moyo.

"Mtani," Pazi alisema, "lile jambo la mashine."

"Ziko wapi?"

"Zipo. Zimehifadhiwa. Kuna mambo ya mkataba, kuna watu wa serikali ya zamani wamekaa kwenye bohari kama kupe. Nikiwagusa leo watanirukia kabla sijajipanga. Nipe muda mpaka mvua ziishe."

"Kwa nini usiseme hivyohivyo? Nenda sokoni umjibu Mtani. Watu watakuelewa."

"Watu?" Pazi alitabasamu, lakini tabasamu halikufika machoni. "Watu wamesubiri serikali hii tangu wazazi wao. Wakisikia Mtani ananiuliza mimi habari za mashine za wagonjwa, watasema wote ni walewale. Na wakishasema hivyo, Kalunde, nani atarudi? Si wale walewale kweli? Unataka hao?"

Hapo alimgusa penyewe. Kalunde alikuwa na kaka aliyefungwa na hao waliopita kwa kuuliza tu kisima kimekwenda wapi. Kila alipofikiria uchaguzi mwingine, na nyuso zile nene zikirudi kwenye mabango, aliliona tena lango la gereza. Je, si kweli kwamba mche mchanga hauelemezwi? Lakini vilevile, Mtani anayechagua wa kumtania ni nani kama si kasuku wa mkubwa?

"Siwezi kumnyamazisha," alisema. "Nilimtengeneza asinyamazishwe."

"Ulitengeneza na hirizi."

Ni kweli. Kila mtambo huwa na mahali pa kuushikia, na pa Mtani palikuwa kidude cheusi kidogo ambacho Kalunde alikifunga mkononi juu ya kiwiko. Watu wa karakana walikiita hirizi. Ukikibonyeza na kutaja jambo, Watani wote wa jimbo huliacha jambo hilo mpaka utakapolifungua tena. Kilikuwa cha dharura, kwa mfano vumbi likikosea. Kwa kuwa joto lilikuwa kali, siku hiyo alikuwa amekivua na kukiweka mezani, kando ya kikombe cha chai.

Pazi alinyoosha mkono, akakichukua, akakitia mfukoni.

"Nimechukua, mtani!" akasema kwa sauti kubwa, na kucheka.

Na Kalunde akacheka.

Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini alicheka. Jibu la mdomoni ni mila. Mtani akiona kitu chako akikipenda, anakichukua. Kuku, khanga, hata sahani ya ubwabwa ulioanza kuila. Huwezi kudai wala kulia. Unasubiri siku yako, naye akiwa na shughuli, nawe ukachukue cha kwake. Bibi yake aliwahi kurudi kutoka matangani na kitanda kizima. Lakini jibu la moyoni ni chungu zaidi: alicheka kwa sababu alikuwa ameondolewa mzigo wa kuamua. Hakumnyamazisha Mtani. Alinyang'anywa. Alilala usingizi mzuri siku hiyo, na kwa usingizi huo alikuja kujichukia.

*

Gulio lililofuata, watu walikuja wengi kuliko kawaida, wasikie mlango. Mtani aliwatania wauza mkaa, akamtania bwana afya, akawatania vijana wanaonyoa ndevu kabla hazijaota. Kuhusu mashine hakusema neno. Muuza dagaa alimsogelea, akagonga tumbo lake la bati kama anayepiga hodi, akarudi mezani kwake. Tangu siku hiyo watu walicheka na Mtani kama unavyocheka na mgeni.

Mvua ziliisha. Hirizi haikurudi. Kalunde alipiga simu, akaambiwa Gavana yuko kikaoni. Alipomfikia mwishowe, Pazi alisema hirizi iko mikononi mwa kamati ya usalama, imefungiwa kwenye sefu, na yeye mwenyewe hana mamlaka nayo. Alisema "mheshimiwa mwenyekiti wa kamati". Hakusema "mtani" hata mara moja.

Ndipo Bi Mwantumu akaugua.

Bi Mwantumu alikuwa shangazi yake Pazi, ndiye aliyemlea tangu anatambaa baada ya mama yake kufariki. Alimsomesha kwa kuuza vitumbua. Kalunde alikuwa amekula vitumbua hivyo wakati wote wa chuo, na kikongwe huyo alimwita "mpagazi wangu". Figo zilikuwa zimemkatalia kazi. Kalunde alimkuta Hospitali ya Jimbo, wodi ya wanawake, miguu imevimba, uso umetulia.

"Bi Mwantumu, kwa nini uko hapa? Gavana si angekupeleka mbali, hata ng'ambo?"

"Aliniambia. Alileta na gari. Nikamwambia niende ng'ambo kwa sababu gani, na wewe umewaletea watu mashine? Mimi nitatibiwa hospitali ya mwanangu, nionwe na kila mtu. Kesho wasije wakasema serikali ya Pazi watu wake wanatibiwa kwingine."

"Akasemaje?"

"Aliinamisha kichwa. Alikuwa anaona haya kunitibu kwa gharama ndogo, nadhani. Mtoto mzuri yule." Bi Mwantumu alimshika Kalunde mkono. "Wauguzi wanasema mashine ziko njiani. Tena wewe mpagazi, zingebebwa na ninyi zingekuwa zimefika."

Kalunde alicheka kwa sauti, kwa kuwa asingecheka angelia hapohapo kitandani.

"Nikifa," kikongwe aliendelea, "uje unisumbue vizuri. Usiniache nizikwe kimya kimya kama mtu asiye na watani."

Kalunde alitoka wodini akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Gavana. Walinzi walimweka getini. Alisimama pale juani mpaka msaidizi mmoja alipomjia na kumwambia kwa upole kwamba mheshimiwa anashukuru kwa kujali. Nyuma ya ukuta, kando ya makazi, palikuwa na jengo dogo jeupe ambalo hakuwahi kuliona. Lilikuwa na mlango wa kioo na jenereta lake lenyewe, likinguruma. Kalunde alilitazama, akajiambia kuwa ni ofisi. Alijilazimisha kuamini hivyo mpaka siku Bi Mwantumu alipokata roho.

*

Mazishi yalijaa watu. Nusu walimlilia Bi Mwantumu, nusu walikuja kumwona Gavana akilia. Wanawake walibaki nyumbani kwenye mikeka, kama ilivyo desturi, lakini mtani hana zuio, na Kalunde akafuata jeneza. Mtani wa Bati wa kata aliletwa kwa toroli, kama alivyoletwa kwenye kila msiba mkubwa tangu serikali mpya iingie. Alisimamishwa penye lango la makaburi, akatania pilau ya jirani. Watu waliguna tu.

Jeneza lilipotuliwa ukingoni, kabla wazikaji hawajashuka, Kalunde alivua viatu vyake. Akafunga khanga vizuri kiunoni. Kisha akaingia kaburini, akalala chali juu ya udongo uliolowa.

Halafu mtu mmoja akacheka, na wengine wakafuata, kwa sababu Wazaramo wale walikuwa hawajaona jambo hilo tangu utoto wao na lilikuwa limewatamanisha.

"Haya!" Kalunde alipiga kelele kutoka chini. "Nani kasema mnazika? Mimi Mnyamwezi nimetembea mpaka pwani na kurudi, nimechoka, nimepata kitanda. Marehemu atafute pengine!"

"Mtani, toka, tukupe kuku!" walimjibu kutoka juu.

"Sitaki kuku. Mmewahi kuniona nikila kuku wa mtu mwenye ngoma? Ni mfupa mtupu!"

Mzee Kondo, mkubwa wa ukoo na kaka wa marehemu, alikuja ukingoni akiegemea jembe. Alikuwa anatabasamu huku machozi yakishuka. "Sema basi bei yako, mtani. Jua linakwenda."

Kalunde alikaa. Kutoka pale chini aliona anga, miguu ya watu, na uso wa Pazi juu ya kanzu nyeupe.

"Namtaka Pazi. Alichukua kitu changu kwa utani, nami leo nachukua kwa utani. Anirudishie hirizi yangu. Akinipa, natoka."

Watu waligeuka. Si wote waliojua hirizi ni nini, lakini wote waliona Gavana alivyobadilika rangi.

"Si hapa, Kalunde," Pazi alisema kwa sauti ya chini.

"Mtani huchagua pahali?"

"Nimesema si hapa. Haiko kwangu. Iko kwenye sefu ya kamati." Akageuka kwa walinzi wake wawili. "Mtoeni."

Walinzi walisogea hatua moja. Mzee Kondo akalaza jembe lake mbele ya miguu yao.

"Unamtoa mtani kaburini kwa askari?" alimuuliza mtoto wa ndugu yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa anashangaa, kama mtu aliyefungua mlango wa nyumbani kwake akakuta chumba asichokijua. "Pazi. Unamkasirikia mtani?"

"Baba mkubwa, mimi ni Gavana. Siwezi kuchezewa mbele ya watu."

Neno hilo lilitua juu ya watu wote. Walikuwa wamempigia kura kwa sababu aliweza kuchezewa mbele ya watu. Wale waliokuwa karibu walirudi nyuma kidogo, na kijana mmoja aliyekuwa ameshika sepetu akaiweka chini. Wazikaji wengine wakafanya vivyo hivyo. Jeneza likabaki pale peke yake, limefunikwa khanga ya Bi Mwantumu aliyoipenda.

"Basi tutakaa," Mzee Kondo alisema, akajiketisha juu ya rundo la udongo. "Dada yangu hana haraka."

Pazi alisimama. Alilitazama jeneza. Jasho lilikuwa limelowesha kanzu, na kitambaa kikaganda mkononi, na juu ya kiwiko watu wote wakaona kitu cheusi kimevimba kama jipu. Hakikuwa kwenye sefu. Hakukuwa na kamati. Alikuwa amekivaa yeye mwenyewe muda wote, mahali palepale Kalunde alipokuwa akikivaa.

Kalunde alijua tangu zamani kuwa amedanganywa. Lakini kukiona pale, kimefungwa kwa uzi uleule alioufunga kwa mikono yake, kulimuuma kuliko uongo wote. Huyu alikuwa mtani wake. Angemwomba jicho, angempa huku akimtukana.

Pazi alikata uzi, akakitupa kaburini. Kalunde akakiokota, akakipangusa udongo, akakibonyeza.

"Mashine," alisema. "Nimefungua."

Wakamshika mikono wakampandisha, na jeneza likaanza kushushwa. Penye lango, Mtani wa Bati alinyamaza katikati ya utani wa pilau. Akajikohoza.

"Gavana Pazi, Mzaramo wangu! Kumbe mashine hazikupotea. Nazisikia vizuri, ziko nyuma ya nyumba yako, kwenye jengo jeupe lenye mlango wa kioo, hospitali yako ya nyumbani. Shangazi alikwenda kutibiwa hospitali ya mwanawe. Masikini, hakujua kuwa mwanawe hatibiwi huko!"

Hakuna aliyecheka. Udongo wa kwanza ulianguka juu ya mbao. Mtani alisubiri kama alivyofundishwa, kichwa chake cha bati kimeinama upande wa Pazi, akisikiliza sauti moja tu kati ya sauti zote. Hakuipata. Akajikohoza, akaanza tena tangu mwanzo. Gavana Pazi, Mzaramo wangu.

Aliporudia mara ya tatu, Pazi alikuja kwa Kalunde. Macho yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze alikuwa mtu aliyemfahamu.

"Mtani," alisema. "Nakuomba. Ni mama yangu yule. Mnyamazishe."

Kalunde aliishika hirizi mkononi. Ingetosha kubonyeza na kutaja neno moja, watu wakamaliza kuzika kwa amani, na hesabu nyingine zikangoja kesho. Alimhurumia, kweli kabisa alimhurumia. Alikumbuka vitumbua. Alikumbuka pia mkono ule uliovimba ukimshika wodini, na alivyocheka karakanani akalala usingizi mzuri. Akaifunga hirizi juu ya kiwiko chake, akakaza fundo kwa meno.

"Unajua mwenyewe anachosubiri," akamwambia. "Cheka, mtani."

Pazi alifungua mdomo. Watu wote wakamtazama, na Mzee Kondo akasimamisha jembe hewani. Mdomo ulibaki wazi, hakikutoka kitu.

Mtani alingoja kidogo. Kisha akajikohoza.